"Bei njoo inboksi": nilivyojifunza kuuza korosho za Mtwara kwa simu

Kwa miezi minane ukurasa wangu wa Instagram ulikuwa na wafuasi 2,300 na wateja wanne. Kati ya hao wanne, wawili ni shemeji zangu.

Naanza na hilo kwa sababu watu wakiona vifurushi vimepangwa barazani alfajiri vikisubiri bodaboda wa kuvipeleka stendi, wanadhani nina mtaalamu Dar anayenisimamia mtandaoni. Sina. Nina simu moja yenye ufa kwenye kioo, mzani, mashine ndogo ya kubania mifuko, na mama mkwe.

Mama mkwe ndiye mwenye biashara kwa haki. Ni mzaliwa wa Newala, na alikuwa anabangua korosho hata kabla mimi sijaolewa, kwa ile njia ya zamani: unazichoma juu ya bati lililotobolewa matundu mpaka mafuta ya ganda yashike moto, unazimwaga mchangani zizime, halafu unapasua moja moja kwa jiwe. Yale mafuta ya ganda ni makali, yanachubua ngozi. Vidole vyake vina weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Alikuwa anauza kwa kikombe kwa abiria wa mabasi ya Dar, asubuhi na mapema, na akirudi saa tatu na beseni tupu ameshamaliza siku. Mimi nilikuwa nakaa nyumbani Chikongola na mtoto mdogo. Mwaka 2021 nikamwambia, mama, tuuze na mtandaoni. Akanijibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sikumsikiliza, ila ule mwanzo wangu ulimpa haki kabisa.

Kwanza nilijipa jina la Kizungu la maneno manne ambalo mama mwenyewe hakuweza kulitamka. Pili, picha zote nilizoweka nilizichukua huko huko mtandaoni: bakuli jeupe, korosho zinang'aa kama meno ya mtoto, jani la mnanaa pembeni. Nani Mtwara anakula korosho na mnanaa? Tatu, chini ya kila picha niliandika lile neno tunaloandika wote: bei njoo inboksi. Niliandika kwa sababu wenzangu waliandika. Ukijiuliza kwa nini, utakuta ni woga tu. Unaogopa jirani anayeuza asione bei yako, na unaogopa mteja akimbie kabla hujambembeleza. Kumbe mteja anakimbia palepale. Mtu yupo kwenye daladala Mbagala, bando lake linaisha, aje kukuomba bei kama anaomba kazi?

Nne, hii iliniuma mfukoni. Nililipa shilingi 35,000 kutangaza picha moja, nikachagua "Tanzania nzima", umri wowote. Simu ililia siku tatu. Nilipata mioyo mingi kuliko harusi, na ujumbe mmoja wa kijana akiuliza kama natoa ajira.

Kilichobadilisha mambo kilitokea bila kupangwa. Siku moja nilikuwa nimemwegeshea mama simu ili nimrekodi akimenya, nije nikate vipande vizuri niweke muziki. Hakujua kama simu imeshaanza kurekodi. Akawa ananigombeza: hizi umezitoa mapema, ngozi ya ndani bado imeshika, ukilazimisha unavunja, na ikivunjika hiyo ni nusu bei, mwanangu. Video haikuwa na muziki, kuku walikuwa wanapita, na nyuma kuna ndoo ya bluu. Nikaiweka kwenye hali ya WhatsApp kwa utani, kisha Instagram. Usiku ule nikapata maoni ambayo sikuwahi kuyaona: "Kuchele!" "Huyo kama bibi yangu wa Tandahimba." "Dada, hiyo ndoo nimeimisi." Mwingine akauliza kama msimu wa mabibo umeanza, amekumbuka harufu yake.

Hapo ndipo nilipojua namuuzia nani. Sikuwa namuuzia "Tanzania nzima". Wateja wangu walikuwa watu wa Kusini waliotapakaa: mwalimu aliyepangiwa Mwanza, mtumishi wa Dodoma, mama wa Kitonga aliyeondoka Masasi miaka ishirini iliyopita. Na nyuma yao, wafanyakazi wenzao wanaoonjeshwa ofisini. Nikafuta picha zote za mnanaa. Jina la Kizungu nikalitupa, nikaandika la Kiswahili ambalo mama analitamka.

Oda ya kwanza ya kweli ilitoka Dodoma, kilo tatu. Mteja aliniandikia bila kuzunguka: "Nitajuaje wewe siyo tapeli?" Swali la haki. Nchi hii kila mwenye simu ameshapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Sikuwa na jibu, nikampigia kwa video. Nikamwonyesha mzani ukiwa sifuri, nikaweka mfuko mtupu, nikaurudisha sifuri tena, ndipo nikamimina. Gramu 1,000 juu ya meza, mara tatu. Akacheka, akasema huko mjini kilo anayopewa haijawahi kufika kilo. Akalipa.

Toka siku hiyo kila mzigo unapimwa mbele ya kamera, na mteja anatumiwa video yake yeye, siyo ya mwenzake. Inanichukua sekunde arobaini. Malipo nikahamisha kutoka namba yangu binafsi kwenda Lipa Namba, kwa sababu mteja akiiweka anaona jina la biashara kabla ya kubonyeza namba ya siri. Jina hilo ilibidi nilisajili BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, nikachukua na namba ya mlipakodi. Nilizungushwa kidogo na viambatisho, lakini mambo mengi niliyamalizia kwenye simu. Mzigo ukishapanda basi, natuma picha ya risiti, namba ya gari na simu ya konda. Mteja mpya namruhusu alipe nusu, nusu nyingine akishapokea. Katika miaka yote hii ni mmoja tu aliyekula nusu yangu. Namsamehe, kilo moja hainifilisi.

Bei nayo nikaiandika wazi. Wenzangu wawili wa mtaani walinuna, wakasema naharibu soko. Lakini kuandika bei peke yake hakutoshi, maana mteja ataona kwangu 22,000 na kwa mwingine 15,000 akadhani nina tamaa. Ikabidi nianze kufundisha. Nilitandika khanga, nikapanga mafungu: korosho kubwa nzima, za kati, nusunusu, vipande. Nikaeleza zile herufi wanazoziona kwenye pakiti za dukani, W240, W320: namba ni idadi ya korosho nzima zinazoingia kwenye ratili moja, ambayo ni kama gramu 454, kwa hiyo namba ikiwa ndogo korosho ni kubwa. Watu walikuwa hawajui. Walidhani ni namba za kiwanda. Baada ya hapo nikaanza kupata wateja wa vipande, wale wa kutengeneza keki na mchuzi, ambao hawana haja ya korosho nzima. Vipande nilikuwa nampa mama augawie majirani.

Somo lililosambaa kuliko yote lakini lilikuwa la hesabu. Msimu wa 2024 minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo ya korosho ghafi. Kwa mkulima ni sherehe, kwangu mbanguaji ni homa. Kupata kilo moja iliyobanguliwa nahitaji kilo nne na nusu hivi za ghafi. Zidisha: 18,000 imeshakwenda kabla sijawasha moto, sijanunua mfuko, sijawalipa kina mama wawili wanaomenya. Nilikaa siku mbili nikiogopa kupandisha bei. Mwishowe nikachukua daftari, nikaandika hesabu yote kwa kalamu, mstari kwa mstari, nikaipiga picha na kuweka bei mpya ya 30,000 chini yake. Nilitegemea matusi. Wachache walitukana kweli. Lakini wengi waliisambaza, hasa watoto wa wakulima, wakiandika "mwaka huu mzee kacheka". Niliuza pungufu kwa kilo, ila sikumpoteza mteja hata mmoja wa zamani.

Hapo niseme la pembeni. Msimu ukianza, Oktoba mpaka Januari, watakuja watu usiku na korosho za kangomba, yaani za magendo zinazouzwa nje ya mnada, kwa bei ya kutupa. Sisi wabanguaji wadogo tunanunua kwa kikundi, kwa kibali na karatasi, na inachelewesha. Sijitii utakatifu, nami nimewahi kuvutiwa. Lakini mtu anayeonyesha kila kitu kwenye kamera hawezi kuwa na gunia lisiloelezeka nyuma ya mlango.

Ramani ya Google niliidharau mpaka mteja aliyefikia hoteli ya Shangani aliponiambia ameandika "korosho" hakuona kitu cha karibu. Kujisajili ni bure. Wanataka uthibitisho wa video: utoke barabarani, uonyeshe mtaa, bango lako, ufungue mlango, uonyeshe vitendea kazi, bila kukata. Bango sikuwa nalo. Nikamwita kijana wa jirani akaandika kwa rangi kwenye bati la banda, herufi zimepinda mpaka leo. Baada ya hapo wakaanza kuja watu wa safari, wanaokwenda Mikindani au Msimbati, wanapita kuchukua za kupeleka nyumbani. Mmoja alinipa nyota mbili kwa sababu mfuko ulipasuka ndani ya begi lake. Nilitaka kubishana. Nikaandika pole, nikabadilisha mifuko kuwa minene, nikarudi kumjibu kwa picha ya mfuko mpya. Hakubadilisha nyota zake. Ila watu wanaokuja huniambia walisoma lile jibu.

Sasa Mei 2024, mwezi ambao ulinifundisha kutotegemea mtandao. Mwanzoni mwa mwezi kikaja kimbunga Hidaya. Mvua ilikata barabara ya kwenda Dar huko wilayani Kilwa, maeneo ya Somanga, na basi lenye vifurushi vyangu kumi na moja likakwama upande wa huku. Niliwaandikia wateja wote kumi na moja kabla hawajaniuliza, nikawatumia na sauti ya konda akieleza alipo. Wakanielewa. Nikasema afadhali. Kisha Jumapili ya tarehe 12 intaneti ikazimika: nyaya za chini ya bahari zilikuwa zimekatika, Afrika Mashariki nzima ikasota. WhatsApp inazunguka tu. Katalogi yangu, lebo zangu za "amelipa" na "anasubiri basi", vyote viko ndani ya simu na siwezi kumfikishia mtu neno.

Kilichoniokoa ni daftari la mama. Yeye hajui kusoma vizuri lakini alikuwa ananilazimisha niandike kila mteja kwa kalamu: jina, namba, mji, kilo. Mimi niliona ni ushamba. Jumatatu ile nilinunua salio la kawaida nikapiga simu moja moja na kutuma ujumbe mfupi kama mwaka 2009. Hakuna aliyedai kurudishiwa hela.

Daftari likanifungulia na jambo jingine. Nilipolipitia niliona oda zinajaa kati ya tarehe 25 na tarehe 3, mshahara ukiingia, na katikati ya mwezi ni ukame. Siku hizi tangazo la kulipia naliweka siku hizo tu, jioni, kwa Dodoma na Dar pekee, shilingi elfu tano tano. Na kila mteja namwomba aisevu namba yangu, kwa sababu orodha ya matangazo ya WhatsApp haimfikii mtu ambaye hajakusevu. Nilituma matangazo mwaka mzima nikidhani watu 256 wanasoma. Walikuwa kama sabini.

Halijaisha lote. Mwaka jana mtu alichukua video zetu, sura ya mama na yote, akafungua ukurasa unaofanana akapokea hela za watu. Mmoja wao alinipigia akilia. Nililipoti, nikawaomba wateja nao waripoti, ukurasa ukaondolewa baada ya wiki mbili. Hela ya yule dada haikurudi. Nilimtumia kilo moja bila malipo. Tangu hapo Lipa Namba yetu imeandikwa kwenye lile bati lenye herufi zilizopinda, na kila video inaanza hapo.

Mama mkwe bado anasema kizuri chajiuza. Lakini juzi mteja wa Mwanza alipiga, mzee wa makamo, akasema kabla ya oda anaomba aongee na bibi. Nikampa simu. Wakaongea Kimakonde dakika ishirini, mama anacheka mpaka anashika mbavu, wakafika mpaka kwenye ukoo na kisima gani walichotumia. Mimi nimesimama na mzani wangu nasubiri. Alipokata, nikauliza ameagiza ngapi.

"Nusu kilo," akasema. "Lakini andika mbili. Nyingine zawadi."