Wale ni Sisi: Kulisikiliza Jina la Riwaya ya Katama Mkangi

Mara ya kwanza nilipoisoma riwaya ya Walenisi sikulisikia jina lake. Niliona neno moja juu ya jalada, nikalichukulia kuwa jina la mahali pa kubuni, kama yalivyo majina ya nchi nyingi katika bunilizi za kisayansi, nikaendelea na kisa. Aliyenizibua masikio ni mama. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, nami nimekaa kizingitini namsomea kwa sauti, kwa kuwa alipenda kusomewa mikono yake ikiwa kazini. Nilipolitaja jina hilo kwa mara ya tatu hivi, mkono wake ulisita, akaniuliza: "Wale ni sisi? Wale gani, mwanangu?"

Kitabu hiki cha Katama Mkangi kilitoka mwaka 1995. Mhusika wake mkuu, Dzombo, anahukumiwa kufa, na namna ya kumuua ni kumtia katika chombo kinachorushwa angani ili aangamie huko. Haangamii. Chombo kinamfikisha Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa na kupendana, bila bwana wala mtwana. Kwa muhtasari huo mfupi mtu anaweza kudhani kwamba safari ya angani ni pambo tu, njia ya haraka ya kumtoa mhusika kwenye dhuluma na kumtua kwenye neema. Jina la kitabu linakataa dhana hiyo, na ndilo linalonifanya niirudie riwaya hii kila baada ya muda.

Kiswahili kina hawa, hao na wale. Hawa ni walio karibu nami, hao ni walio karibu nawe au tuliokwisha kuwataja, na wale ni walio mbali nasi sote wawili. Hakuna kiashiria kinachomsukuma mtu mbali zaidi ya wale, na hakuna kiwakilishi kinachomkumbatia mtu kwa karibu zaidi ya sisi. Mkangi ameikamata miisho hiyo miwili ya lugha na kuifunga pamoja kwa kitenzi kishirikishi chenye silabi moja tu: ni. Umbali anaousafiri Dzombo ndani ya chombo chake ndio umbali uliomo katika neno wale. Mwandishi angeweza kumpeleka kisiwani, au ng'ambo ya mlima, lakini alihitaji mahali ambapo mtu anayenyoosha kidole hana budi kusema "kule" na "wale", kisha agundue kwamba kidole kinamrudia mwenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo jicho halilioni mpaka sikio lisaidie. Ukiitamka sentensi nzima, "wale ni sisi", mkazo unaangukia wale na sisi, na ni inapita katikati kimyakimya. Lakini ukiyaunganisha maneno hayo kuwa jina moja, kanuni ya Kiswahili inauhamishia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: Wale-NI-si. Ile ni iliyokuwa imefichika sasa ndiyo inayobeba uzito wa neno zima. Jambo linalosisitizwa ni kuwa kwao sisi, si kuwa mfano wetu wala kutushinda kwa wema. Siwezi kuapa kwamba mwandishi alilipanga hivyo, lakini kila anayelitaja jina la kitabu hiki kwa Kiswahili sahihi hulazimika kukiri kwa ulimi wake.

Je, ile silabi iliyokatwa? Sisi imebaki si. Maelezo mepesi ni kwamba jina lilihitaji kufupishwa ili lisikike kama jina, na maelezo hayo yanatosha. Hata hivyo, neno lililobaki mwishoni ndilo hilohilo tunalotumia kukanusha, na mimi nashindwa kutolisikia. Wale ni, wale si. Dzombo anatoka katika nchi inayomuua raia wake kwa kudai haki. Kwa nchi kama hiyo, kusema "wale ni sisi" ni kweli kwa upande mmoja na bado si kweli kwa upande mwingine. Msomaji mmoja aliwahi kuniambia kwamba yeye anasikia pia kitenzi kula, "wale", yaani waache wale. Nimeupima usomaji huo nikauweka kando, kwa sababu sehemu inayobaki ya jina haiungani nao.

Usomaji ninaoushikilia kwa nguvu zaidi unahusu umoja na wingi. Waswahili wakitajwa, nampata Mswahili mmoja. Wagiriama, nampata Mgiriama. Nikijaribu kumtoa mtu mmoja katika Walenisi kwa njia hiyo napata "Mlenisi", neno lisilosema lolote, maana sentensi iliyokuwa ndani yake imevunjika. Jina lenyewe haliruhusu mtu kufika kule peke yake.

Thomas More alipoandika juu ya kisiwa chake mwaka 1516, alikiita Utopia, jina aliloliunda kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mahali pasipokuwapo. Waandishi wengi wa Ulaya waliomfuata wamerithi utani huo wenye huzuni, kwamba mahali pema hapapo. Mkangi hasemi hivyo. Yeye hataji mahali kabisa, bali anataja watu, na anadai kwamba watu hao wapo, wanakaa majumbani mwetu, wanakuna nazi.

Dai hilo halikutoka kwa mtu aliyekuwa ametulia kwenye kivuli. Mkangi alikuwa mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1986 serikali ya Kenya ilimkamata na kumweka kizuizini bila kesi, katika msako uliowakumba wasomi wengi. Alijua kwa mwili wake mtu anavyogeuzwa kuwa mmoja wa "wale": wale wapinzani, wale wachochezi. Hata jina Dzombo linaanza na sauti ambayo Kiswahili sanifu hakina, sauti ya Kimijikenda, ya watu wa nyuma ya mwambao ambao mara nyingi wametajwa kwa kidole kilichonyooshwa. Mwaka 1997 Mkangi aligombea urais. Mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, ghasia zilizuka Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, na watu waliotajwa kuwa ni wa bara wakashambuliwa na kufukuzwa. Nikifikiri kwamba jina la kitabu hiki lilikuwa limekwisha kuchapishwa miaka miwili kabla, kwa lugha iliyoeleweka pande zote mbili za kivuko, moyo unaniuma. Mkangi alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 2004.

Mama hakujua lolote kati ya hayo siku ile. Swali lake la "wale gani?" lilikuwa swali la kawaida la mtu anayetaka kujua kisa kinamhusu nani, nami sikumjibu, nikamwambia asubiri tufike. Tulifika jioni. Sinia lilikuwa limejaa nazi nyeupe, vifuu vimerundikana ukutani, na yeye alikuwa bado ameketi juu ya mbuzi, mikono mapajani. Niliposoma namna wenyeji wanavyompokea Dzombo, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nirudi nyuma, nianze tena pale chombo kinapotua.