Prosesa mbili, anwani 24 moja: nilivyoielewa prefiksi ya meinfremu

Meinfremu za IBM (kompyuta kubwa za mashirika), tangu System/360 ya mwaka 1964, huweka mambo yao nyeti kwenye anwani za chini kabisa za kumbukumbu. Kwenye mashine za kabla ya z/Architecture, likiingia katizo la nje (ishara inayoisimamisha prosesa ishughulikie jambo lingine), hali ya programu iliyokuwa ikiendeshwa huandikwa anwani 24, na hali mpya husomwa anwani 88. Namba hizo ni za mashine yenyewe, huzibadilishi. Sasa prosesa mbili zinazotumia kumbukumbu moja zikikatizwa kwa pamoja, ya pili si itafuta kilichoandikwa na mwenzake?

Vitabu vinajibu haraka: kila prosesa ina rejista (kihifadhi kidogo cha namba ndani ya prosesa) ya prefiksi, inayosema anwani zake za chini zihamishiwe wapi. Sawa, lakini mimi mpaka nione. Nikawasha Hercules, emuleta ya bure inayoiga meinfremu, nikaipa MVS ya zamani (mfumo endeshi wa IBM) na prosesa mbili. Amri ya `cpu` inachagua prosesa, `pr` inaonyesha prefiksi yake. Halafu `r 18` inasoma anwani 24 (hiyo 18 ni heksadesimali) kama prosesa inavyoiona, na `abs 18` inasoma kumbukumbu yenyewe. Majibu hayafanani.

Tuseme prefiksi ni 6000, nayo ni heksadesimali. Prosesa ikitaja 18 inapelekwa 6018 kimya kimya. Ikitaja 6018 inapelekwa 18. Ni kubadilishana nafasi, kwa hiyo hakuna kipande cha kumbukumbu kinachopotea.

Kilichonikuna zaidi ni ukubwa wa eneo hilo linalobadilishana nafasi. Kwa nini baiti 4,096? Kwa sababu maelekezo hutaja anwani kwa kujumlisha rejista ya msingi na umbali, na umbali huo ni biti 12, yaani 0 hadi 4,095, na ukitaja rejista 0 kama msingi, mashine huichukulia kuwa sifuri, iwe na nini ndani. Katizo linapoingia, rejista zote zimebeba mali ya programu nyingine. Huna hata moja ya kushikia anwani. STM moja (elekezo la kuhifadhi rejista nyingi kwa mpigo) yenye msingi 0 inazihifadhi zote 16, kila prosesa kwake, na programu ya katizo ni ile ile moja. Hapo nilicheka peke yangu.

Kwenye z/Architecture, kizazi cha mwaka 2000 cha meinfremu hizo, eneo limefika baiti 8,192 na namba za anwani zimebadilika, lakini mtindo ni ule ule.

Na ukitaka kuchungulia eneo la prosesa nyingine? Taja tu prefiksi yake kama anwani ya kawaida: kwako wewe, 6018 ni 6018.