Kisigino Kwanza

Mvua za El Niño zilinikuta kwa Bibi, Magu, upande wa Ghuba ya Speke. Ilikuwa mwanzoni mwa 1998. Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa Mwanza mjini niliyezoea kukanyaga mawe ya kilima cha Bugando. Alfajiri moja Bibi alinitwika furushi la miche ya mpunga, akaniambia nivue kandambili.

Tukateremka. Juu, karibu na mawe, kuna mchanga wanaouita luseni. Unasema shaa chini ya unyayo na maji hayatuami. Kisha itogolo, gumu na telezi kama sabuni. Mwisho mbuga yenyewe, udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mkono, na mvua ikinyesha huvimba ukazifumba zote.

Maji yalikuwa ya baridi, lakini tope chini yake lilikuwa na uvuguvugu, kama kitanda kilichoachwa sasa hivi. Likapenya katikati ya vidole, likapanda hadi gotini, likanibana. Nikavuta mguu, haukutoka. Nikavuta kwa nguvu, na wa pili ukazama. Nikaanza kulia.

Bibi alirudi, hakunishika mkono.

"Usivute, mume wangu. Zungusha kisigino kwanza, hewa ipate njia. Ukilinyima hewa, tope halikuachii."

Nikazungusha. Fyooo, ndefu, ya kunyonya, kisha pwaa! Mguu ukachomoka na soksi nyeusi mpaka gotini. Nimesikia watu wengi wakiliita tope uchafu, sijaafiki hata siku moja.

Tangu hapo nilimfuata nikisikiliza. Miguu yake ilikwenda chwapu, chwapu, kwa mwendo mmoja kama mchi kinuni. Yangu ilikoroma. Kitu kikajipinda chini ya wayo wangu, nikapiga kelele. "Samaki huyo, kamongo," akasema. "Kiangazi hujizika humu humu, akangoja mvua."

Karibu na majaruba ya mpunga hatua yake moja ikalia dubwi, nzito, ya kina. Akasimama, akachepuka kushoto, akapanda tuta.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Kweli nilikuwa nimesikia.

Usiku, juu ya mkeka, miguu yangu ilikuwa bado inazama na kuchomoka. Bibi alishalala. Nikazungusha kisigino gizani, taratibu, nikatega sikio.