Siku moja kwenye "kliniki ya vichaa", Tanga

Saa 12:45 asubuhi niko barabarani nasubiri daladala, chupa ya chai kwapani. Konda ananijua. "Sista wa vichaa huyo, mpisheni akae!" Abiria wanacheka, mmoja anasogea. Mwaka wa kwanza nilikuwa nanuna hadi mjini. Sasa huu ni wa kumi na moja na maneno hayo nayatumia kupatia siti.

Saa 1:30 nafungua chumba cha kliniki yetu hapa hospitalini. Kipo mwisho kabisa wa korido: benchi mbili nje, ndani meza, mzani, mashine ya presha na kabati la mafaili ambalo mlango wake tunaufunga kwa bandeji. Basi. Watu wakisikia afya ya akili wanawaza hospitali ya Mirembe kule Dodoma, na sisi wa Tanga tunawaza Lutindi, juu milimani Korogwe, ambako wagonjwa wamekuwa wakilazwa tangu enzi za Mjerumani. Kwetu hakuna kitanda hata kimoja. Mtu anakuja kwa miguu yake, anaonwa, anachukua dawa za mwezi, anarudi kuuza samaki wake. Inawezekana fundi aliyekuzibia pancha ya baiskeli juzi ni mgonjwa wangu wa sindano. Hujui, na kwangu hutajulia.

Kadi nazipanga kwa namba, na naita kwa namba. Korido yetu inapitwa na watu wa kliniki ya macho, ya meno, na Tanga ni ndogo. Kuna mwalimu aliacha dawa mwaka mzima kwa sababu mzazi wa mwanafunzi wake alimsikia akiitwa jina, la kwake na la babake, kwa sauti ya kuuzia samaki. Aliyemwita ni mimi. Tangu siku hiyo ni "namba nne, karibu".

Saa 2 hadi saa 4 zinakwenda bila kuonekana: presha, uzito, unalala, unakula, sindano ya mwezi, tarehe ya kurudi. Sindano kumi na mbili. Kuna mzee wangu mmoja, kila mwezi namuuliza kama sauti bado anazisikia, kila mwezi ananijibu, "Zipo, mwanangu, ila siku hizi zinaongea kwa adabu."

Halafu kifafa. Hili wengi hawalijui: karibu nusu ya kadi zangu si za "wendawazimu", ni za kifafa, wengi wao watoto. Leo alikuja mama kutoka Muheza na bintiye wa miaka tisa, mkono wa kulia una kovu la moto tangu kiwiko hadi vidoleni. Alidondokea jikoni akiwa kwenye degedege lake, na waliokuwepo waliogopa kumgusa wakidhani povu linaambukiza. Haliambukizi. Nimelisema hilo mara nyingi hadi mwanangu wa darasa la pili analijua kama shairi.

Namwomba mama amwage vidonge mezani tuhesabu. Mwezi umeisha, navyo vilitakiwa viwe vimeisha. Vimebaki kumi na vinne.

"Mama, mbona hivi?"

"Nilikuwa nampa nusu, sista. Nilijua nauli ya kurudia sitaipata mapema."

Zamani ningefoka. Fenobabitoni si ya kupunguza punguza wala kuikata ghafla, kifafa kinarudi na wenzake. Lakini huyu mama hakuwa mzembe, alikuwa anapiga hesabu za nauli. Tukakubaliana na dirisha la dawa apewe ya miezi miwili. Akaniachia mfuko wa machungwa chini ya meza, akaondoka haraka nisije nikayakataa. Machungwa ya Muheza sijawahi kuyakataa.

Saa 4:20 ikaingia bajaji hadi mlangoni, mahali ambapo bajaji hairuhusiwi.

Akashuka kwanza baba mmoja wa makamo, kanzu safi, simu mbili. Nyuma yake vijana wawili wakamshusha wa tatu kama gunia: miguu imefungwa, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya mkonge. Hapa kwetu kamba ya mkonge haikosekani. Korido nzima ikanyamaza, hata wa macho waliona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nesi, mpige sindano ya kumlaza, halafu niandikie barua ya Mirembe. Nina gari ya mzigo inaondoka saa 6."

"Tutaongea, baba. Kwanza tumfungue."

"Umfungue?" Akawageukia watu kama anatafuta mashahidi. "Huyu jana kavunja redio!"

Kijana, akiwa sakafuni, akasema taratibu, "Redio ilikuwa inanitaja, ami."

Nikachuchumaa mbele yake, si karibu sana. Nikamwambia jina langu, nikamuuliza la kwake, akanipa. Nikamwonyesha mkasi: huu ni wa bandeji, hauna ncha, utazame. Akautazama mbele na nyuma. Nikamwambia nataka kukata kamba, nianze na mikono au miguu? Akafikiri. "Mikono."

Sasa, mkasi wa bandeji haukuumbwa kwa kamba ya mkonge. Kamba ikilowa jasho inakaza, fundo linakuwa kama kokwa la embe. Nilikuwa nakata uzi mmoja mmoja, jasho linanitoka, na mkasi unatafuna badala ya kukata. Juu ya kichwa changu ami anahesabu dakika. Ulipokatika uzi wa mwisho akasema, "Kamba yangu hiyo, sista!" Namba tisa kwenye benchi akamjibu, "Baba, kamba dukani zipo." Viganja vya kijana vilikuwa vimevimba, na kwenye vifundo vya mikono alama za msuko zimejichora utadhani amelalia jamvi. Nilipomfungua na miguu, hakukimbia. Hakumpiga mtu. Aliomba maji. Akanywa vikombe vitatu.

Tukampima malaria na sukari, kwa sababu mtu anayeweweseka si lazima awe na ugonjwa wa akili, malaria ikipanda kichwani inafanya hayo hayo. Malaria hana, sukari nzuri. Daktari wetu ni mmoja na alikuwa kwenye raundi wodini, kwa hiyo ikabidi tusubiri.

Kusubiri na ami ni kazi nyingine. Anatoka kupiga simu, anarudi. "Barua tayari?" Bado, baba. Anatoka, anarudi. "Kwani hii barua inaandikwa kwa Kiarabu?" Namweleza kwamba mtu hapelekwi Mirembe kama kifurushi cha basi, daktari anamwona, akiona hapa haitoshi ndipo anampa rufaa. "Basi mpeleke Isanga." Isanga ni ya wanaoletwa na mahakama, baba. "Ndiyo, huyu kavunja redio!" Naapa nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Mama wa kijana alifika nyuma kwa bodaboda, mdogo wa umbo, hakusema neno hadi nilipomvutia kiti ndani na kufunga mlango. Akafungua pindo la kanga, akatoa bahasha ya dawa iliyochakaa. Kumbe kijana alishaanza tiba mahali pengine, miezi miwili nyuma. Haloperidoli. Siku ya tatu shingo ikapinda kwenda kushoto, macho yakapanda juu, ulimi ukawa mzito kinywani. Nyumbani wakasema jini limekasirika kwa kupewa dawa za kizungu. Ami akagharamia mganga, wiki sita. Vidonge vikabaki kwenye pindo la kanga.

Ile shingo naijua. Nimeiona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Si jini, ni ile dawa yenyewe, na ina kidonge chake cha kuituliza, Artane, na mgonjwa hutakiwa kuambiwa siku ya kwanza kabisa: ukiona shingo inavuta, njoo mbio, usiogope. Sekunde kumi za maneno. Mganga sikumlaumu, alifanya alichoitiwa. Nilimlaumu aliyetoa bahasha bila zile sekunde kumi, halafu nikakumbuka siku moja ya foleni, mwaka wangu wa pili, bahasha niliyoitoa mimi hivyo hivyo. Mama nikamwambia ukweli: hukukosea, hukuambiwa. Akajifuta uso kwa kanga, muda mrefu, nikajifanya natafuta faili.

Nilipotoka nje nilikuta mzee wangu wa sauti za adabu hajaondoka. Amekaa benchi moja na kijana, amemkatia nusu ya andazi lake.

"Za kwako zinasemaje?"

"Matusi."

"Zangu pia zilianza na matusi," mzee akasema, akaendelea kutafuna.

Sikuwaingilia. Nimehudhuria semina kadhaa na sijaona mkufunzi wa kumfikia huyo.

Daktari akaja saa 6:40. Akakaa na kijana, kisha na mama, kisha na wote. Siku nne hajalala, anasikia watu, lakini dawa anakubali kumeza mradi si ile ya shingo. Akabadilishiwa, akaandikiwa olanzapini usiku. Mama atasimamia, kurudi ni Jumanne, na ikizidi kabla ya hapo aje saa yoyote. Ustawi wa jamii wakagonga mhuri wa msamaha wa malipo. Ami gari yake ilishaondoka. Akaniambia nimemharibia siku, akaokota vipande vya kamba sakafuni, vyote, akavikunja vizuri. "Nitafungia mbuzi." Nikasema sawa, baba, mbuzi ni sawa.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Benchi ilikuwa imejaa na imekasirika, na ilikuwa na haki. Kuna aliyetoka Pangani tangu alfajiri akakuta sindano yake imeisha stoo. Ilibidi nimweleze mara tatu na kila mara nilijisikia mwongo. Kuna binti wa chuo aliyefika mlangoni, akageuka, akarudi, akageuka. Nilimfuata hadi kwenye mwembe, tukazungumza tumesimama kuhusu mitihani, tu mitihani. Atakuja au hatakuja, sijui. Chai yangu niliinywa saa 9 na kitu, baridi, na chungwa mbili.

Jioni nikajaza rejista, nikahesabu walioruka tarehe. Sita. Nikawapigia kwa salio langu. Wawili hawapatikani, mmoja kahamia Handeni, mmoja mkewe alipokea akaniuliza mimi ni nani na kwa nini namtafuta mumewe. Siwezi kumwambia ni kliniki gani. Nikasema nimekosea namba. Ndoa ya mtu kwanza, sindano nitaitafutia njia.

Nyumbani mama mkwe, kama kawaida yake: "Leo vichaa walikusumbua?"

"Hapana, mama. Aliyenisumbua mzima."

Mgongo unauma hapa chini, kwenye kuchuchumaa. Vidole viwili vina malengelenge ya mkasi, nilikuwa sijayaona hadi nilipotia mkono kwenye maji ya vyombo.

Saa 3 kasorobo usiku simu ikaita, namba ngeni. Sauti nikaijua kabla hajajitambulisha, maana hakujitambulisha.

"Sista. Hii dawa anameza kabla ya kula au baada?"

"Vyovyote, baba. Muhimu iwe kila usiku, asiruke."

"Kashakula."

"Basi mpe."

Nikasikia maji yakimiminwa kwenye kikombe, mlango, mtu akikohoa. Kisha akaniuliza, "Na shingo ikivuta?"

"Unamleta. Hata usiku, pale mapokezi, wataniita."

"Nimleteje, na bajaji hawalali huku?"

Nikamwelekeza kwa yule kijana wa bodaboda anayelala kituoni. Akasema ngoja aandike namba, akatafuta kalamu mpaka salio likamwishia.

Nikampigia mimi, nikamsomea namba tarakimu moja moja.