Swali la Mungu na swali la wodini

Kila anayefiwa na mtoto mchanga huambiwa, "Kazi ya Mungu haina makosa." Kwa anayeamini ni maneno ya kweli, na sina ugomvi nayo yakitoka kwa bibi aliyeketi na mfiwa mkekani. Yananikera yakitoka kwa mtu aliyeshika faili, huku akilifunga.

Mzazi aliyefiwa ana maswali mawili, nayo hayafanani. "Kwa nini wangu?" ni swali la Mungu. Halina fomu wala tarehe ya mwisho, na mtu ana ruhusa ya kuliuliza hadi uzeeni. "Ilikuwaje?" ni swali la wodini, na majibu yake yameandikwa kwa saa na dakika, au yalipaswa kuandikwa. Wazazi wengi wanaoingia kwenye uchechemuzi, yaani kudai kwa barua na vikao huduma za uzazi ziboreshwe, na kuchoka haraka ni wale walioyachanganya. Wengine wanadai kwa mkunga jibu ambalo hata shehe na padri hawana. Wengine wanamnung'unikia Mungu kwa sababu ya kifaa kilichokuwa kimefungiwa kabatini.

Na kunung'unika kwenyewe si kufuru kama majirani wanavyodhani. Mtume Muhammad alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro. Ayubu alilalamika sura baada ya sura, na mwishoni waliokemewa ni rafiki zake, waliokuja na maelezo yaliyonyooka. Huwa nawakumbuka rafiki wale kila mtu mpya anapotaka kujiunga na kikundi cha wazazi waliofiwa "ili awafariji".

Kabla ya barua na vikao kuna mwili. Kondo la nyuma likishatoka homoni hubadilika, mtoto awepo asiwepo, na kati ya siku ya pili na ya nne maziwa hujaa. Mara nyingi hakuna aliyemwonya mama, kwa hiyo siku hiyo huvunjika upya. Avae sidiria inayoshika vizuri, asifungwe kifua kwa kanga mpaka pumzi zikwame. Kitambaa cha maji baridi na panadol husaidia. Akamue kidogo tu pale panapouma, kwa sababu ziwa linalokamuliwa mpaka tupu hutengeneza maziwa mengine. Kwa kawaida hali hutulia ndani ya wiki moja au mbili. Ziwa likiwa jekundu na la moto, na homa ikapanda, aende hospitali siku hiyohiyo. Na mama akipitisha wiki mbili hali wala halali, au akisema anataka kumfuata mwanawe, hapo si pa mahubiri wala pa kampeni. Ni pa daktari.

Wiki hiyohiyo ya kwanza, mtu mmoja wa nyumbani, mara nyingi dada au wifi, akae na mama waandike mlolongo. Uchungu ulianza lini. Chupa ilipasuka lini, na maji yalikuwa na rangi gani. Walifika kituoni saa ngapi, nani alimpima, na alipimwa tena baada ya muda gani. Mapigo ya moyo wa mtoto yalisikilizwa mara ngapi: uchungu ukishakolea yanatakiwa angalau kila nusu saa, na wakati wa kusukuma kila dakika tano. Daktari aliitwa lini, alifika lini. Kama palikuwa na rufaa, gari lilipatikana baada ya muda gani. Uzito wa mtoto. Alilia au hakulia.

Hapo pana mtego mdogo unaoharibu kesi nyingi nzuri. Familia husimulia kwa saa za Kiswahili, faili limeandikwa kwa saa ishirini na nne. "Saa mbili usiku" ya mama ni 20:00 kwenye faili, na 02:00 ya faili ni saa nane usiku. Mwenye hasira hukuta tofauti ya saa sita na kutangaza kwamba kumbukumbu zimeghushiwa, kumbe hajabadilisha saa. Andika zote mbili, ubavu kwa ubavu. Na kadi ya kliniki isirudishwe wala kutupwa bila kupigwa picha kila ukurasa.

Kati ya maswali yote ya wodini, lipo moja ambalo ningemwomba kila mzazi aulize kwa upole na asiondoke bila jibu: alipotoka, moyo wake ulikuwa unapiga?

Mtoto aliyechoka sana leba anaweza kutoka amelegea, hapumui, amepauka, na bado moyo unapiga. Mahali penye haraka na watumishi wachache mtoto huyo anaweza kuandikwa kuwa alizaliwa mfu. Wakunga huangalia pia ngozi: iliyoanza kubabuka huonyesha kwamba alifia tumboni muda fulani kabla ya kuzaliwa, na iliyo nzima huonyesha kwamba alifariki karibuni, mara nyingi uchungu ukiendelea. Tofauti hizi si za takwimu tu. Aliyefia tumboni wiki iliyopita anatupeleka kuuliza habari za kliniki, presha na maambukizi. Aliyefia kwenye uchungu anatupeleka kwenye usikilizaji wa moyo na muda wa kufika chumba cha upasuaji. Aliyetoka na moyo unaopiga anatupeleka kwenye dakika moja baada ya kuzaliwa.

Na hapo maswali mawili hukutana. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mtoto aliyeonyesha dalili ya uhai huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na kuzikwa kama maiti mwingine yeyote. Aliyefikisha miezi minne tumboni bila dalili ya uhai huoshwa, hukafiniwa na kuzikwa, bila kuswaliwa. Kwa Wakatoliki, mtoto aliye hatarini anaweza kubatizwa kwa maji na mtu yeyote, hata muuguzi wa zamu. Akifariki kabla ya ubatizo ambao wazazi walikuwa wameukusudia, askofu anaweza kuruhusu azikwe kwa ibada ya Kanisa. Serikali ya Tanzania nayo ina mstari wake: aliyezaliwa hai, hata kwa dakika tano, ana kizazi cha kusajiliwa ndani ya siku 90 na kifo cha kusajiliwa ndani ya siku 30. Neno moja lililoandikwa kwa haraka kwenye rejista linaweza kumnyima mtoto swala na cheti, na mama akabaki miaka anajiuliza kama alikuwa na mtoto au hakuwa naye. Nimewasikia watu wakiita swali hili uchokozi. Kwangu ni swali la ibada kuliko mengine yote.

Dakika hiyo ya kwanza tunaijua vizuri, na sehemu ya ujuzi huo imepatikana Tanzania. Mtoto asiyelia anakaushwa na kusuguliwa mgongo. Asipopumua, kichwa kinawekwa sawa, kisichokunjwa wala kupinduliwa nyuma mno, na anapumulishwa kwa mfuko na barakoa, ule ambao wauguzi huuita ambu, kabla sekunde 60 hazijaisha, kiasi cha pumzi 40 kwa dakika. Mambo yanayoharibika ni ya kawaida kabisa. Barakoa haikubani uso, hewa ikavuja pembeni na kifua hakikupanda. Barakoa iliyopo ni namba moja ilhali mtoto ni njiti anayehitaji sifuri. Ambu imefungiwa ofisini kwa kuogopa wizi. Mkunga yuko peke yake na mama anatokwa damu.

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya hospitali 8 za Tanzania ambako wakunga walifundishwa hatua hizo: vifo vya ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47. Lakini katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, waligundua jambo ambalo kila mchechemuzi anapaswa kulijua. Mafunzo ya siku moja yaliwafanya wakunga wawe hodari mbele ya mwanasesere wa mazoezi, ila kwa watoto halisi hayakubadilisha utendaji. Kilichobadilisha ni mazoezi mafupi, ya dakika chache, yanayorudiwa mara kwa mara palepale leba. Mwaka 2025 mpango wa Safer Births, uliojengwa juu ya mazoezi ya namna hiyo katika hospitali na vituo vya afya 30 vya mikoa mitano, ulionyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku ya kwanza vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1000.

Kwa hiyo familia inayokuja na ombi la "mafunzo kwa watumishi" itapewa semina, posho, na picha ya pamoja. Iombe mwanasesere mmoja awe leba, ambu mbili zenye barakoa za saizi zote mbili ziwe mezani na si kabatini, na daftari la mazoezi ya kila wiki lenye sahihi. Ombi hilo linaweza kukaguliwa na mtu asiye daktari.

Jambo jingine linalofanana na hilo ni inkubeta. Wazazi waliofiwa na njiti hupenda kuchanga wanunue moja, kwa sababu inaonekana na inabeba kibao chenye jina la mtoto. Naelewa. Lakini umeme ukikatika hupoa, ikijaa huwekwa watoto wawili au watatu na kuambukizana, na kipuri kikiharibika hubaki kona ya stoo. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, matokeo yake yakatoka 2021, ulikuta kwamba kumweka mtoto mwenye uzito mdogo kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri atengemae, kulipunguza vifo kwa asilimia 25. Shirika la Afya Duniani sasa linashauri saa 8 hadi 24 kwa siku. Hilo linahitaji vitanda vya akina mama ndani ya wodi ya njiti, viti vya kuegemea, vitambaa vya kumfungia mtoto, chakula cha mama, na ruhusa ya baba au bibi kupokea zamu. Kibao chenye jina kinaweza kugongwa kwenye kitanda pia.

Barua iende wapi? Ianze kwa mganga mfawidhi, nakala kwa kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi na ambayo wengi hawajui kwamba ipo. Uliza mambo mawili: kama kifo hiki kimepitiwa kwenye tathmini ya vifo vya uzazi na watoto wachanga, na ni hatua gani zimekubaliwa. Usidai majina wala maelezo ya nani alisema nini. Tathmini hiyo imejengwa juu ya ahadi ya kutotafuta wa kulaumiwa, na watumishi wakihofia kushtakiwa wataanza kuandika uongo. Kama unaamini kulikuwa na utovu wa maadili, rushwa au matusi, hiyo ni njia tofauti: Baraza la Uuguzi na Ukunga, au baraza la madaktari. Usitie njia zote mbili kwenye bahasha moja. Ngazi inayofuata ni mganga mkuu wa wilaya, kisha diwani. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na bajeti ya halmashauri hupangwa miezi mingi kabla, hivyo barua ya Oktoba ina nafasi, ya Mei inasubiri mwaka mwingine.

Kuhusu kusema hadharani, mimi ni mkali kidogo. Mama asipandishwe jukwaani miezi ya mwanzo, hata akitaka mwenyewe. Akiwa tayari, asimulie kwa dakika tano, bila jina la muuguzi, bila picha ya mtoto mtandaoni asiyoweza kuifuta, na amalize kwa ombi moja. Awe na mtu wa kumalizia endapo sauti itakata. Waandishi humwomba alie, kikundi kimlinde. Wanjiru Kihusa wa Kenya alianzisha shirika la Still A Mum baada ya kupoteza watoto wake mwenyewe, na pale wazazi waliofiwa husikilizwa. Huku kwetu Doris Mollel, aliyezaliwa njiti, alisukuma na taasisi yake kwa miaka suala la likizo ya wazazi wa njiti hadi sheria za kazi zikarekebishwa 2025. Ombi lilikuwa moja, likarudiwa mpaka likaingia masikioni.

Imani ya wazazi hawa, kwa ninavyoiona, hairudi kwa sababu wodi imepata kitanda. Wapo walioshinda kila ombi na bado hawaingii msikitini. Wapo walioshindwa yote na wanaswali usiku. Nadhani kazi hii hufanya jambo dogo zaidi: inalipunguzia swali la Mungu mzigo usiokuwa wake, na mtu akabaki na Mola wake bila rejista ya leba katikati.

Haki ya kazini nayo husahaulika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 84 nyingine mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa. Baba ana angalau siku 4 za msiba wa mtoto. Waajiri wengi humwita mama arudi "kwa kuwa hana wa kunyonyesha", naye hurudi kwa kutojua.

Na kikundi kiweke naibu kwa kila nafasi tangu siku ya kwanza. Mwenyekiti akishika mimba tena, atataka kukaa mbali na habari za vifo kwa miezi tisa na zaidi. Aruhusiwe aende bila kuitwa msaliti, na daftari la anwani na nakala za barua viwe tayari mikononi mwa mwingine.