Athi River: kagua hati, udongo, maji na upepo kabla ya kutoa pesa

Mji wa Athi River, kusini mashariki mwa Nairobi, ulianza kwa mzigo, si kwa makazi. Reli ilipita hapa ikielekea Nairobi, ambako ilifika mwaka 1899, na viwanda vikafuata reli na ardhi tambarare. Kiwanda cha nyama cha Kenya Meat Commission kilifika, kisha saruji ya East African Portland, na baada ya sheria ya mwaka 1990 likaja eneo la EPZ, yaani la viwanda vya bidhaa za kuuza nje ya nchi, lenye hekta 339. Wafanyakazi walifuata kazi, nyumba zikafuata wafanyakazi. Kiwanda kikubwa hujitafutia maji, hujichimbia msingi hadi kwenye mwamba na hujijengea mtambo wa maji taka. Wewe mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 unatakiwa ufanye hayo hayo kwa mfuko wako, na wengi hulijua hilo wakati nyumba imeshafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha na milango.

Tuanze na karatasi. Oktoba 2023 nyumba nyingi zilibomolewa hapa, zikiwemo za ghorofa, kwenye ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya saruji. Baadhi ya waliojenga walikuwa na karatasi mkononi. Cheti cha hisa cha kampuni au chama cha kununua ardhi si hati miliki, hata kikiwa na muhuri mwekundu na nambari ya ploti. Uliza hati mama, yaani hati ya shamba zima kabla halijakatwa ploti, ni ipi, iko kwa jina la nani, na je, imeshagawanywa rasmi. Fanya upekuzi kwenye sajili ya ardhi wewe mwenyewe au kupitia wakili wako, wala usipokee nakala ya upekuzi kutoka kwa muuzaji. Kisha leta mpimaji mwenye leseni aje na ramani atafute bikoni, yaani alama za mipaka, ardhini. Akishaziona, mwambie pia akuonyeshe hifadhi ya barabara, ya reli, ya bomba la mafuta na ya nyaya kubwa za umeme, kwa sababu ukanda huu umejaa vyote vinne. Ploti ya bei nafuu kupita jirani zake mara nyingi imegusa kimojawapo.

Sasa udongo, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Sehemu kubwa ya tambarare za Athi imefunikwa na udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukinyeshewa unavimba na kunata kwenye gumboti. Kiangazi unanywea na kupasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Nyumba iliyokaa juu yake huinuliwa na kushushwa kila msimu, tena si kwa usawa: pembeni ambako maji huingia kunavimba kuliko katikati. Ishara yake utaijua. Ufa huanza kwenye kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari, na mlango uliokuwa unafunga vizuri Januari unakwama Aprili.

Kabla hata ya kuchora ramani ya nyumba, chimba mashimo ya majaribio, angalau kwenye kona mbili zinazotazamana na moja katikati. Shuka hadi uone maramu ngumu au mwamba. Kina kinabadilika sana: ploti moja unaugonga mwamba kwenye mita moja, ya jirani unapita mita moja na nusu bado udongo ni mweusi. Ukishapata kina, ondoa udongo mweusi wote chini ya nyumba nzima. Kosa la kawaida ni kuchimba mitaro ya kuta pekee na kuuacha udongo katikati ya vyumba, ukisema sakafu haibebi kitu. Udongo huo ukivimba utasukuma sakafu juu, nayo itapasua kuta za ndani.

Udongo uliotolewa usirudi shimoni, hata kidogo. Jazia mawe na maramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ishindiliwe kwa mashine kabla ya kuweka nyingine. Juu yake weka nailoni, wavu wa chuma, kisha zege la sentimita 15. Pale ambapo udongo mweusi ni wa kina kirefu, mwite mhandisi wa miundo, kwa sababu hapo itabidi achague kati ya nguzo zinazoshuka hadi mwambani na jamvi zito la zege. Nje ya kuta, mwaga njia ya zege yenye upana wa karibu mita moja kuzunguka nyumba, iteremke kuelekea nje, na maji ya paa yapelekwe mbali kwa mabomba. Miti mikubwa ikae mbali na kuta, maana mizizi hunyonya unyevu upande mmoja na kuufanya udongo unywee upande huo tu.

Udongo huo huo ndio unaoharibu maji taka. Shimo la kunyonyea halinyonyi. Jaribu mapema: chimba kishimo cha sentimita 30 kwa 30 kwenye kina ambacho shimo lako litafika, kijaze maji ukiache usiku kucha ili udongo ushibe, kisha kijaze tena asubuhi na upime maji yanashuka kiasi gani. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, sahau shimo la kunyonyea. Utabaki na tangi lisilovuja na lori la kunyonya, na hiyo ni gharama ya kila mara, kwa hiyo iingize kwenye hesabu tangu mwanzo. Hakikisha pia lori linaweza kufika mvua za masika zikiwa zimekolea. Barabara ya udongo mweusi isiyowekwa maramu hailipitishi.

Kuhusu maji ya kunywa na kufulia, bomba la kaunti halifiki kila mahali, na linapofika huwa na zamu. Watu wanaishi kwa boza, yaani lori la maji, na visima virefu. Familia ya watu watano inayotumia lita 40 kila mtu kwa siku inamaliza lita 200, kwa hiyo boza la lita 10,000 linakupeleka siku 50. Tangi lako lilimeze boza zima, la sivyo utalipia maji yaliyorudi na lori.

Maji ya visima hapa mara nyingi yana chumvi na floridi, kwa sababu yanapita kwenye miamba ya volkano. Mwisho unaoruhusiwa wa floridi ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya mtoto ambayo bado yanajijenga ndani ya fizi hutoka na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua, floridi inabaki, hivyo inakuwa kali zaidi. Chujio la kawaida la mshumaa haliitoi pia. Kinachoitoa ni chujio la mkaa wa mifupa au mtambo wa utando wa shinikizo (reverse osmosis). Peleka sampuli maabara na utaje unachotaka kipimwe: floridi, kloridi, ugumu na upitishaji umeme. Ukisema tu "pimeni maji" unaweza kurudishiwa kipimo cha vijidudu peke yake.

Maji hayo ya chumvi yasitumike kwenye zege lenye chuma, maana kloridi huozesha nondo ndani kwa ndani. Na usidhani kuishi karibu na viwanda vya saruji kunakuhakikishia saruji nzuri. Soma tarehe kwenye mfuko. Ukikaa miezi mitatu stoo umeshapoteza sehemu ya nguvu yake. Chukua saruji ya daraja la nguvu la 32.5 kwa kujengea na plasta, ya 42.5 kwa nguzo na slebu, na mfuko mmoja wa kilo 50 uchanganywe na lita 25 hivi za maji. Mafundi hupenda kuongeza ili zege liteleze kirahisi. Kataa. Kila lita ya ziada inaacha vitundu zege likikauka.

Mwisho angalia upepo. Hapa huvuma zaidi kutoka upande wa mashariki, kwa hiyo ploti iliyo magharibi ya kinu cha saruji au cha kokoto ndiyo inayopokea vumbi. Usitembelee mahali Jumapili mchana tu. Nenda siku ya kazi, alfajiri kabla jua halijakausha umande, upitishe kidole juu ya majani na kioo cha dirisha la jirani. Vumbi la saruji likichanganyika na umande hugandamana kwenye mabati na ndani ya gata, na likishashika halitoki kwa ufagio. Kama utavuna maji ya mvua, weka bomba la kumwaga maji ya mwanzo ya kila mvua kabla hayajaingia tangini, na uoshe gata mwezi Machi na tena Oktoba, kabla ya masika na vuli.