Siku moja maishani mwangu: mkuu wa shughuli, ofisi ya kliaring (kuwatolea wateja mizigo bandarini), Mombasa

Saa 12 asubuhi niko kwenye feri ya Likoni nikisoma jumbe za usiku: meli ipi imefunga gati, lori lipi limekwama Mariakani, nani anaapa ameshalipa.

Watu wakisikia "mkuu wa shughuli" hudhani nakaa kwenye kiyoyozi nikitia saini. Kiyoyozi kipo, kimeharibika. Kontena moja hadi litoke bandarini limepita kwa kampuni ya meli, forodha, wakaguzi wa viwango, benki na mwenye lori, na kila mmoja ana mfumo wake na nywila yake. Tangu mwishoni mwa 2023, meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, hata tarehe za kufika hazishikiki. Bosi anayejua yote hayupo tena. Anayedai anajua, muogopeni.

Saa 2 twasimama ubaoni, robo saa tu. Kila kontena lina jina la mtu mmoja na huyo ndiye mwamuzi. Mimi huulizwa pesa ikizidi au sheria ikiguswa.

Saa 3 na nusu, mwenye vigae wa Nairobi. Hati ya shehena inasema kilo 24,300, orodha yake ya mzigo 23,400. "Madam, si mgeuze tu hizo namba?" Hazigeuzwi. Kampuni ya meli ndiyo huomba manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, irekebishwe, forodha ikubali, ndipo entri, tamko letu la forodha, isogee. Namweleza, anakata, anapiga tena. Siku zake za kuweka kontena bandarini bure zaisha leo, kesho storeji yaanza kuhesabiwa kwa dola. Anamtaja mheshimiwa fulani wanayejuana. Kisha ananizunguka, anampigia karani wangu, na kijana anakuja jasho linamtoka: "Mama, nifanyeje?" Nikamwambia azime simu, aende kwa ajenti wa meli kwa miguu yake, asimame pale dirishani hadi ombi litumwe. Manifesti anaijua kunishinda. Simu zote za vigae zije kwangu. Siku kama hii kazi yangu hasa ni kutukanwa, ili mwenye ujuzi apate kufanya.

Mchana sijui ulipitia wapi. Nakumbuka viazi karai nilivyokula nimesimama, simu sikioni inachoma, na mteja akiuliza lile lile kwa sauti mpya.

Marekebisho yalikubaliwa magharibi ikikaribia, malango ya leo yameshatupita. Nikamwachia karani apige mwenyewe kutoa habari. Mteja akauliza kama tutampunguzia ada.

Hapo nikaichukua simu. Ada ni ile ile, nikamwambia, na storeji ya siku moja ni yako.